Mdudu Mwenye Mdomo wa Nyota

Fundi bomba alipomaliza kazi yake alikusanya vifaa, akaaga, akaacha shimo ukutani. Lilikuwa shimo la ukubwa wa sinia, usawa wa kifua cha mtu mzima, katika korido inayotoka sebuleni kwenda bafuni. Ndani yake zilionekana nguzo mbili za mbao zilizosimama sambamba, zote zikiwa na madoa meusi yaliyoteremka kama machozi ya mtu aliyepaka wanja. Bomba la bafuni lilikuwa limevuja humo ndani kimya kimya, kwa muda ambao hakuna aliyeujua. Maji ni mgeni wa aina hiyo: hapigi hodi, na ukija kumgundua amekwisha kuizoea nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya fremu ya mbao: mifupa ndani, na mbao nyembamba juu yake kama shati. Mwenye nyumba mtaa mzima ulimwita Bi Mizani, kwa sababu maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa vipimo. Alipokuwa akionekana kwenye kona, wauza nyama walikumbuka ghafla kwamba leo wana msiba na kufunga mabucha. Alikuwa amestaafu kazi, lakini kazi haikuwa imemstaafu yeye. Jirani akimwambia, "Nimekungoja saa nzima," alimuuliza ameanza kungoja saa ngapi. Watoto wake aliwalea kwa kauli moja, akiirudia asubuhi na jioni kama dawa: usiambiwe, pima.

Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza alifanya kazi ya bima, na kwa sababu hiyo kila kitu duniani alikiona kama ajali ambayo bado haijatokea. Ngazi kwake ilikuwa mguu uliovunjika; mshumaa, nyumba iliyoungua. Jina lake la mtaani lilikuwa Tahadhari. Kitinda mimba alikuwa na saluni nyuma ya barabara kubwa. Yeye aliitwa Msusi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

Tahadhari alichungulia shimoni, akavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, hizi zimeoza."

"Umejuaje?"

"Si ninaona? Nyeusi tii."

"Hata mimi ni mweusi. Nimeoza?"

Msusi alicheka mpaka akashika mlango. Tahadhari hakucheka. Tangu baba yao afariki alikuwa akitafuta sababu ya kumhamishia mama yake kwake, ghorofani, na sasa sababu ilikuwa imejitokeza yenyewe, nyeusi, usawa wa kifua.

"Mama, ukuta ukikuangukia usiku, nani atajua? Kwetu kuna chumba. Kuna mlinzi. Kuna lifti."

"Lifti ya nini? Sina safari ya kwenda mbinguni bado."

"Njoo tu, mama. Watu watasema nimemwacha mzazi wangu kwenye nyumba ya maji."

Bi Mizani hakutaka kuhama, na sababu zake hazikuwa za machozi. Katika nyumba hii alijua kila swichi gizani. Choo kilikuwa karibu na kitanda. Hakuna aliyemuuliza kama amekunywa dawa. Kwa mwanawe angekuwa mgeni wa kudumu, tena mgeni mwenye hali mbaya kuliko wote: yule ambaye hata siku ya tatu hapewi jembe. Lakini alimjua mwanawe. Ukimkatalia kwa maneno, anarudi kesho na maneno mengine. Mtu kama huyo unamfunga kwa kipimo.

"Sikiliza," alisema. "Tumwite fundi seremala ambaye si wangu wala si wako. Dada yako amtafute. Yeye ndiye atakayesema."

Macho ya Tahadhari yaling'aa. "Akisema mbao zimeoza, unahamia kwetu. Moja kwa moja, siyo wikiendi."

"Akisema nzima, sitaki kulisikia tena neno kuhama. Hata kwenye simu."

"Nimekubali."

"Na mpaka fundi aje, mtu asiguse hapo. Ushahidi hauchezewi."

Alikata kipande cha boksi, akakiweka juu ya shimo, akakizungushia utepe wa gundi. Kisha akatoa kalamu nyekundu na kutia sahihi yake, nusu juu ya utepe, nusu juu ya ubao wa ukuta. Ndivyo alivyokuwa akifunga mizani mbovu zamani. Mtu akiubandua utepe, mkia wa sahihi haurudi tena mahali pake.

Msusi alimpata fundi kupitia kwa mteja wake, lakini fundi alikuwa na paa la watu mikononi, asingeweza kuja kabla ya Jumamosi. Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana katika familia ile mtu kuambiwa asubiri bila kupima ni sawa na kuambiwa asipige chafya.

Wa kwanza kuvunja lakiri alikuwa Bi Mizani mwenyewe. Maji ya chai ya jioni hayajachemka, alikuwa amekwisha kuubandua utepe pembeni, taratibu, kwa ukucha, na kuingiza mkono na sindano yake ya kufumia. Aliichoma nguzo ya kwanza. Sindano iliingia kidogo tu, ikakwama, na ilipochomoka ililia *kii*. Alifurahi. Lakini kipimo kimoja si kipimo, kwa hiyo akarudia mara tatu. Kisha akaenda nguzo ya pili, akarudia mara tatu, akaurudisha utepe na kuusugua kwa kijiko mpaka ukalala vizuri. Kesho yake alirudi tena, kwa hoja kwamba huenda jana alikuwa na bahati.

Baadaye wiki hiyo Tahadhari alipita, akasema ameshikwa na haja ndogo, akakaa bafuni kwa muda ambao haja ndogo haihitaji. Alipoondoka, mkia wa sahihi ulikuwa umesogea. Siku iliyofuata alikuja Msusi kuleta mafuta ya nywele ambayo hakuna aliyeyaagiza. Naye aliingia korido. Naye alipotoka, mkia ulikuwa umesogea upande wa pili. Bi Mizani aliona yote na hakusema neno. Mwizi hawezi kupiga yowe la mwizi hali na yeye ametoka kwa dirisha lile lile.

Ingeishia hapo, ingekuwa kichekesho tu. Lakini siku moja kabla ya fundi kuja, Bi Mizani alikuwa akipiga deki korido bila viatu, na kidole gumba cha mguu wake kikagusa ubao mwembamba unaoshona ukuta na sakafu, chini kabisa, karibu na mlango wa bafuni. Ubao ulibonyea. Alisimama. Akaubonyeza tena. Ulikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Hakuleta sindano. Hiyo peke yake ilipaswa kumshtua, maana hakuwa mtu wa kukutana na jambo akaliacha bila kulichoma. Badala yake alikwenda bafuni, akalibeba kapu la nguo chafu, akaliweka mbele ya ubao ule. Alijiambia kwamba kapu lile siku zote lilikuwa limekaa vibaya bafuni, linazuia mlango. Kisha, kwa kuwa lilikuwa tupu na jepesi, akaingiza nguo ndani ili lisisukumwe hovyo.

Jumamosi fundi akaja. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye penseli nyuma ya sikio la kushoto. Sikio la kulia aliliacha wazi kwa ajili ya kazi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kulibandika kwenye mbao na kusikiliza. Wateja walimwita Fundi Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko lake.

"Nani mgonjwa?" aliuliza, akivua kofia.

"Ukuta," alisema Tahadhari.

"Mwanangu," alisema Bi Mizani kwa wakati ule ule.

Utepe ulipobanduliwa ulitoka bila ubishi. Gundi ilikuwa imekwisha kwa kubanduliwa. Tahadhari, aliyeshika tochi, ndiye aliyechungulia wa kwanza.

"Wadudu!" Alirudi nyuma kwa kasi. "Mama, nguzo zimeliwa! Matundu matupu!"

"Unanikanyaga, kaka! Wewe ndiye mdudu!"

Fundi Sikio akachungulia naye, akapiga mluzi. Matundu yalikuwa mengi kweli, yamesongamana katika mwanga wa tochi, nguzo zote mbili. "Hee," alisema. "Hapa pana kijiji, tena kina shule na zahanati."

Wadudu hawakuwemo kwenye hesabu ya Bi Mizani. Ikiwa nguzo zimebunguliwa, basi habari imekwisha, na jioni hii atalala ghorofani akisikiliza lifti. Lakini mkono wake ulikwenda kwenye miwani kwa mazoea, akaivaa, akainamia shimo.

"Unga uko wapi?" aliuliza.

"Unga gani, mama?"

"Mdudu akitoboa mbao anatema unga. Hapa sioni hata punje. Anakula anafagia?"

Tahadhari alishusha mwanga wa tochi chini ya matundu, akatafuta unga.

"Na kwa nini wote wametoboa hapa tu, usawa wa kifua? Juu hakuna. Chini ya shimo hakuna. Wanapenda kusimama?"

Fundi Sikio alikuna shingo. "Hilo nalo neno."

"Mulika vizuri. Haya hapa yako mstari mmoja, nafasi sawasawa, kama yamepigwa rula. Mdudu huyu amesoma jiometri?" Msusi aliinua macho na kuanza kuitazama dari kama aliyeiona leo. "Na huyu mwingine, tazama. Tundu lake lina pembe nne. Mdudu mwenye mdomo wa nyota."

Tochi ikazimika.

"Washa tochi, mwanangu."

"Betri, mama."

"Washa."

Tochi ikawaka. Bi Mizani alinyoosha mgongo. Sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akiitumia mbele ya wauza nyama. "Msusi, chanuo lako la chuma liko wapi?"

"Liko saluni, mama."

"Na hilo linalochungulia mfukoni?"

Msusi alilitazama chanuo kana kwamba limemfuata lenyewe. "Nilichoma mara moja tu! Sasa kama lina meno mengi, kosa langu?"

"Na nyota?"

"Bisibisi ya gari," alisema Tahadhari kwa sauti ndogo. "Nilitaka uhakika tu. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha? Usiambiwe, pima."

Msusi hakuwa mtu wa kuzama peke yake. Alimnyang'anya kaka yake tochi, akaingiza kichwa shimoni. "Haya, na haya madogo ya duara je? Masafi, yako matatu matatu? Mdudu huyu anarudia kipimo mara tatu. Mimi duniani namjua mmoja tu mwenye tabia hiyo, na amenizaa."

Bi Mizani alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Sindano ya kufumia," alisema. "Ile nyembamba."

Fundi Sikio alicheka mpaka akaegemea ukuta aliokuja kuukagua. "Nimeona mbao zilizoharibiwa na maji, na zilizoharibiwa na mchwa. Hii ndiyo ya kwanza kuharibiwa na wasiwasi!"

Wote wakacheka, hata Tahadhari. Kisha fundi akaomba kimya na kuanza kazi. Alibandika sikio kwenye nguzo, akagonga kwa mpini wa nyundo. *Ko. Ko.* Akagonga nguzo ya pili. *Ko.* Akachukua bisibisi bapa, akaidonoa mbao pembeni na kuibenua. Kibanzi kirefu kiliinuka kwa mlio na kubaki kimeshikilia kwa ncha moja.

"Mnaona? Mbao nzima ukiidonoa inatoa uzi mrefu, na inalalamika. Iliyooza inakatika fupi kama biskuti, wala haisemi kitu." Akaweka kipima unyevu, akatazama namba. "Maji bado yamo kidogo, yaacheni yakauke kabla ya kufunga. Haya madoa ni kumbukumbu tu. Doa si ugonjwa. Hapa ninapogonga, nguzo nzima."

"Nzima kabisa?" aliuliza Tahadhari.

"Hapa ninapogonga."

Tahadhari alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeshindwa ambaye hata hivyo amefurahi kidogo kwamba ukuta hautamwangukia mama yake. "Haya, mama. Sitalitamka tena."

Msusi alipiga vigelegele, akaenda kumimina chai. Fundi akamfuata. Kaka naye akamfuata. Bi Mizani alibaki korido na kipande cha boksi, utepe mpya na kalamu nyekundu, afunge shimo mpaka mbao zikauke. Alikuwa ameshinda.

Alibandika utepe. Akafungua kalamu. Mkono ukasimama hewani.

*Hapa ninapogonga.* Wengine hawakulisikia neno lile, ila yeye alilisikia mara zote mbili. Lilikuwa neno la kazi yake mwenyewe: unathibitisha ulichokigusa tu. Sokoni hakuna aliyewahi kumwibia juu. Juu kila muuzaji alisugua sahani ya mizani mpaka ukajiona uso, akakukaribisha uitazame. Wizi ulikuwa chini, kwenye sumaku iliyobandikwa chini ya sahani au kipande cha risasi kilichofichwa kwenye kitako, mahali ambapo ilibidi upige magoti kwenye damu ya bucha na sketi yako safi. Alipiga magoti. Hakuwahi hata siku moja kuitia sahihi mizani ambayo hakuigeuza.

Alilitazama kapu. Alitamani kapu liseme jambo la kumtetea, lakini kapu lilikuwa kapu tu.

"Fundi!" aliita. "Acha chai. Msusi, njoo uondoe hili kapu."

"Kapu lina nini, mama?"

"Liondoe."

Tahadhari alitokea na biskuti mdomoni. "Mama, si umeshashinda?"

Fundi Sikio alirudi na kikombe chake mkononi, akalitazama kapu kwa upole. "Nilikuwa nasubiri nione kama litaondoka lenyewe," alisema. "Kapu la nguo chafu, ndani nguo zilizopigwa pasi na kukunjwa. Nikajiambia, tunywe chai kwanza, huenda mwenyewe akakumbuka."

Masikio ya Bi Mizani yalipata moto, lakini alisimama wima. "Amekumbuka."

Ubao wa chini ulitoka kwa vidole, bila patasi. Nyuma yake ilikuwepo mbao nene iliyolala sakafuni, ile ambayo nguzo zote za ukuta zinasimama juu yake. Fundi alipiga magoti, akaweka ncha ya bisibisi, akasukuma. Ilizama mpaka kwenye mpini. Hakuna aliyesikia sauti yoyote.

"Haikulalamika," alisema Msusi taratibu.

Fundi alitambaa kushoto na kulia, akichoma na kugonga, akiweka alama kwa penseli. Alipomaliza alikaa chini, miguu mbele kama mtoto. "Maji yalipita kwenye nguzo yakaenda kulala chini. Hii mbao ya chini imekwisha, kuanzia alama hii mpaka ile, urefu wa mkono. Hiyo tunaikata mpaka tufike kwenye uzima na kupita kidogo, tunaweka mpya. Nguzo hii mguu wake umeoza, kiganja kimoja tu kwenda juu. Tunaukata, tunaisimamishia pacha wake ubavuni wabebe pamoja. Nguzo ya pili nzima mpaka unyayoni, na hata ingekuwa ya mama yangu nisingeigusa."

"Na ukuta wote?" aliuliza Tahadhari.

"Ukuta wote nini? Mtu kucha ikioza unamkata mguu?"

Msusi alimgeukia kaka yake. "Umesikia? Kucha!"

Tahadhari alijikuna kidevu. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kusoma maneno jinsi yalivyo, na maneno yalikuwa upande wake. "Lakini zimeoza," alisema, bila ukali. "Tulisema mbao zikioza. Hatukusema ngapi."

"Kaka, una roho ya jiwe!"

"Bima ni maneno, dada."

"Bima ni ujinga! Mama amejisema mwenyewe, fundi hajamaliza hata kikombe!"

"Mwacheni," alisema Bi Mizani. "Ana haki. Neno ni neno." Akaiweka kalamu mfukoni. "Nitafungasha."

Tahadhari alikuwa amejiandaa kwa vita, na sasa alipopewa ushindi bure hakujua aweke wapi mikono. Aliishia kulibeba kapu.

Bi Mizani alihamia ghorofani na sanduku moja. Humo alitia nguo, sindano za kufumia, utepe wa gundi na kalamu nyekundu. Hakununa. Mtu aliyeshindwa kihalali hana la kununia. Alikaa siku ya kwanza kama mgeni, akasifu mapazia, akaiuliza lifti hali yake. Siku ya pili alianza kupima.

Saa ya sebuleni ilikuwa inatangulia. Utepe wenye sahihi nyekundu ukabandikwa. Mlango wa friji ulikuwa haubani, karatasi inapita bila kukwama, sahihi nyekundu. Mtungi wa kuzimia moto pale mlangoni, fahari ya mtu wa bima, ulikuwa umepitwa na tarehe. Utepe mrefu na sahihi mbili. Kisha akaingia bafuni na mfuko wa sukari ambao haujafunguliwa, akaupandisha kwenye mizani ya kupimia uzito wa mtu. Mizani ikaupunja. Mke wa Tahadhari, ambaye kwa miezi alikuwa akifurahia kupungua, alielezwa wakati wa chakula cha jioni kwamba aliyepungua ni mizani.

Mkwe alimtazama mume wake kwa jicho refu kuliko korido.

"Mama anasaidia," alisema Tahadhari.

"Nimeona," alisema mke wake, akausogeza mbali wali.

Siku zilivyokwenda Tahadhari aliacha kufungua makabati, maana kila alipofungua alikutana na wekundu. Alijikuta akimpigia simu Fundi Sikio kila asubuhi, akiuliza ukuta umefikia wapi. Alisema anauliza kwa ajili ya kumbukumbu.

Ndipo asubuhi moja, akivaa tai, akasikia sauti kutoka jikoni.

"Mwanangu, hebu njoo."

Bi Mizani alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la sinki, ndoo na sabuni zimetolewa nje. Sindano ya kufumia ilikuwa imesimama kwenye ubao wa chini wa kabati, imezama mpaka kichwani.

"Umesikia kitu?" aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo."

Tahadhari alipiga magoti, suruali ya kazi na yote. Aliingiza kichwa chini ya sinki ambalo hakuwahi kuliona upande huo tangu anunue nyumba. Tone la maji lilimdondokea shingoni. Akachomoa sindano, akachoma pembeni. Ikazama. Akachoma mbali zaidi, ubavuni mwa kabati. *Kii.* Akarudia mara tatu.

Mke wake alikuwa amekwisha kumpigia Msusi simu, na sauti ya Msusi ikajaa jikoni.

"Kaka! Nasikia mbao zimeoza! Haya, kanuni ni yako. Hamia kwangu, moja kwa moja, siyo wikiendi. Utalala kwenye kiti cha kuoshea nywele!"

"Ni ubao mmoja!" alipiga kelele Tahadhari kutoka chini ya sinki. "Ubao mmoja na hapa pembeni! Sasa mtu ahame nyumba nzima kwa sababu ya ubao..."

Alitoka taratibu, akajigonga kichwa, akakaa sakafuni. Mama yake alikuwa anamtazama juu ya miwani na hakusema lolote. Sokoni pia alifanya hivyo: muuzaji akishaisoma mizani mwenyewe, wewe unabaki kusubiri.

"Kilichooza kinabadilishwa," alisema Tahadhari hatimaye.

"Na kizima?"

"Kizima kinabaki mahali pake."

"Mahali pake wapi?"

Tahadhari alipangusa maji shingoni. "Kwako, mama."

"Sema kwa sauti, dada yako asikie."

"Kwako! Urudi kwako!"

"Mama," alisema mkwe kutoka mlangoni, kwa heshima zote, "nikusaidie kufungasha?" Sanduku lilikuwa tayari mkononi mwake.

Fundi Sikio alikuwa amemaliza. Mbao mpya ilionekana nyeupe kati ya zile za zamani, na nguzo iliyokatwa mguu ilisimama na pacha wake, bega kwa bega. Bi Mizani alipiga magoti, akachoma alichotaka kuchoma, akasikia alichotaka kusikia. Kisha akamwomba fundi jambo moja kabla hajafunga ukuta: amwachie kilango kidogo cha ubao kule chini, usawa wa sakafu, mahali ambapo mtu hawezi kutazama bila kupiga magoti. Kapu likarudishwa bafuni, likaendelea kuzuia mlango kama zamani.

Jumapili iliyofuata watoto walikuja kunywa chai. Tahadhari alisifu rangi, akala keki, kisha akasema ameshikwa na haja ndogo. Alikwenda korido. Mama na Msusi walisikia magoti yake yakilia, kisha kilango kikifunguliwa, kisha *ko*, kisha *ko*.

Msusi alitaka kuinuka. Bi Mizani alimshika mkono.

"Mwache," alisema. "Bado mara moja."

*Ko.*